Mvua ya Chumbani kwa Simbeye

Lusekelo tulimzika Alhamisi, kwao Ileje, kwenye shamba la migomba linaloteremka kuelekea mtoni, na jua lilikuwa kali mpaka vijana waliofukia kaburi wakavua mashati. Nilifika asubuhi kutoka Tunduma, nimechoshwa na barabara, nikawakuta wahudumu wa msiba wakimwita marehemu "yule babu asiyeona." Hawakuwa na nia mbaya. Walizaliwa wakamkuta hivyo, amekaa kibarazani na fimbo yake, anawatambua watu kwa kikohozi na kwa mwendo. Nilipomwambia mmoja wao kwamba babu huyo alikuwa dereva wa malori makubwa, yale ya kwenda Kongo kupitia Zambia, alinitazama kama mtu aliyekosea msiba. Sikubishana naye. Nilipokea sahani yangu ya wali na maharage, nikaenda kukaa chini ya turubai, kando ya mzee mmoja aliyevaa koti zito katika joto lile. Nilishakula nusu ya sahani ndipo nikajua kuwa ni Simbeye. Yeye alikuwa amenijua tangu nilipovua viatu. "Atu," akasema, "tumebaki mimi na wewe." Mwalimu Haonga, wa nne katika kundi letu, alikwisha kufa siku nyingi, akazikwa kwao Mbozi.

Mwaka wa mambo haya nilikuwa na miaka ishirini na mbili, napika kwenye mgahawa wa Simbeye pale Tunduma, mtaa wa pili kutoka mpakani. Mbele aliuza tairi na vipuri, katikati palikuwa na mgahawa wenye meza chache, na nyuma kabisa palikuwa na chumba. Chumba hicho ndicho ninachokiona nikifumba macho. Kuta zake zilipakwa rangi ya bluu hadi usawa wa bega, juu zikaachwa saruji tupu. Viti vilikuwa vya basi bovu, vimeng'olewa viwili viwili, bado vina visahani vya majivu kwenye mikono. Kwenye kona palikuwa na televisheni juu ya kreti za soda, na juu ya bati palikuwa na dishi lililozuiwa lisipeperuke kwa rimu ya lori. King'amuzi kilitoka ng'ambo, Nakonde, kwa shemeji yake Simbeye, na ndiyo maana tulipata vituo ambavyo wenzetu wa mabanda ya mpira hawakuvipata. Wao walijazana kutazama mpira. Sisi wanne tulikuwa wagonjwa wa langalanga, mbio za yale magari ya kiti kimoja, yaliyolala chini, yenye bawa mbele na bawa nyuma. Tulikuwa tunachekwa mtaa mzima na hatukujali.

Kila Jumapili ya mbio, watu wakishatoka kanisani, walikuja mmoja mmoja kupitia jikoni kwangu. Mwalimu Haonga alikuja na suti yake ya ibada na aliifunika miguu kwa gazeti asichafuke na mchuzi. Alikuwa anafundisha sayansi na alipenda kueleza vitu hata kwa mtu ambaye hajauliza. Lusekelo alikuja kama lori lake lilikuwa kwenye foleni ya mpaka, na foleni ile ilikuwa ndefu, hivyo alikuja mara nyingi. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mtu wa miaka arobaini na kitu, anasalimia kwa Kindali hata watu wasiokijua. "Ndaga, Atu. Leo tunakula nini?" Nilikuwa nawapikia ugali na kapenta, wale dagaa wa ng'ambo, au ndizi kwa nyama kama mtu ametoka Ileje na mkungu, na birika la chai ya tangawizi halikuondoka mezani. Mimi nilianza kusikiliza mbio kutokea jikoni, nikigeuza chapati. Baada ya muda chapati zikaanza kuungua, nikahamia kiti cha tatu karibu na mlango, na hakuna aliyeniambia nirudi.

Tulibishana juu ya mambo mawili tu, mvua na gari lilivyoundwa. "Gari ni tairi," Simbeye alikuwa anasema, na usingetegemea neno jingine kwa muuza tairi. "Hayo mengine ni mapambo." Alikerwa sana kwamba siku za jua magari yale yalikimbia na tairi kipara, halafu mvua ikinyesha ndipo wanavaa zenye mistari ya kutoa maji. "Wangepita Mlowo na kipara kile, trafiki angewaweka pembeni wote." Mimi nilikuwa mtu wa bawa. Nilikuwa nimeelewa kutoka kwa Mwalimu kwamba bawa la gari ni bawa la ndege lililogeuzwa, kazi yake kulikandamiza gari chini, na tangu hapo sikukubali mtu aniambie habari ya tairi. "Tairi isiyokandamizwa inaelea juu ya maji, ba Simbeye, hata uichonge mistari mia." Mwalimu alisema sote tumekosea, kila kitu kiko kwenye tumbo la gari, pale chini hewa inapopita. Lusekelo alituacha tuchoke kwanza. "Mnaongea kama vile gari linajiendesha," akasema. "Mvua ikinyesha, kitu cha kwanza kinachokwisha si tairi. Ni macho." Kisha alisema kitu alichokirudia mwaka mzima, kwamba katika gari lote lile, aliyebuni ile taa nyekundu ya nyuma, inayowaka na kuzima siku ya mvua, ndiye peke yake aliyewahi kuendesha. Aliye nyuma haoni barabara wala kona, anaona vumbi la maji tu. Anaifuata ile taa.

Sasa dishi letu lilikuwa na ugonjwa wake. Mvua ikianza kunyesha Tunduma, picha iliganda, kioo kikawa cheusi. Mbio za kwanza za mwaka huwa zinakuta masika yetu, za mwisho zinakuta mvua za kwanza, kwa hiyo mara nyingi tuliachwa katikati ya safari. Watu wengine wangekwenda nyumbani. Sisi tulimalizia kwa mdomo. Kila mmoja alichukua gari lake, tukaendelea mzunguko kwa mzunguko, kila mtu anaeleza anavyoingia kona, ana tairi gani, amelaza bawa au amelisimamisha, na wenzake wanamhoji. Ukishindwa kujibu, umeteleza, umetoka nje. Bati lilikuwa linapiga kelele kwa mvua na tulilazimika kupaza sauti. Na matokeo ya chumbani ndiyo yaliyokuwa matokeo. Hata kama picha ilirudi ikatuonyesha mwingine kabeba kombe, sisi tulishamaliza mbio zetu, na wiki nzima Simbeye alimtaja mshindi wetu dukani kwake kana kwamba dunia nzima inamjua.

Katika kumalizia kwa mdomo hakuna aliyemfikia Lusekelo. Alifumba macho, mikono akaiweka kwenye goti kama ameshika usukani, na sauti yake ikashuka. "Sioni kitu. Mbele kweupe. Napunguza. Nasubiri... Taa ile pale. Imewaka. Yuko kulia kwangu. Namfuata." Mimi nilikuwa nasahau bawa langu na tairi zote za Simbeye. Nilidhani ni ufundi wa kusimulia, nikamwonea wivu.

Kisha nikaanza kuona. Mpishi anaona watu wanavyokula, na Lusekelo alianza kuitafuta sahani kwa kidole kabla ya kupeleka tonge. Alimimina chai nje ya kikombe, akacheka, akasema vumbi la Tunduma limemwingia. Alihama kiti cha nyuma akaja cha pili, halafu cha kwanza. Siku moja katika miezi ya baridi nilikuwa stoo nachambua mchele, nikawasikia yeye na Simbeye upande wa pili wa ukuta, kule zinakopangwa tairi.

"Usiku nimeacha," Lusekelo alikuwa anasema. "Mchana nasubiri lori lenye taa nzuri litangulie. Nikishalipata, nafika."

"Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda. Wamesema kilichoondoka hakirudi, na kilichobaki nacho kinaondoka."

Nikasikia kiganja cha Simbeye kikigonga tairi. "Sasa utafanyaje?"

"Nakuuliza wewe," Lusekelo akasema. "Nikishuka kwenye lori mimi ni nani? Niambie."

Simbeye alisema chai itapoa. Nami nilibaki na ungo wangu mapajani, nikiwa na hasira nao wote wawili, nikingoja mkubwa mmojawapo afanye la ukubwa. Nilimweleza Mwalimu. Akavua miwani, akaifuta, akasema alishajua, kwa sababu Lusekelo alikuwa amemwomba amsomee karatasi ya mzigo akisingizia kusahau miwani, na Lusekelo hajawahi kuwa na miwani. Basi tulijua sote watatu. Kila mmoja wetu alijua pia kwamba lori lile linapita katikati ya mji wa Mlowo, watoto wanavuka barabara, akina mama wamepanga ndoo za parachichi pembeni, na kwamba siku moja barabara itamsimamisha kama hakuna mtu wa kumsimamisha.

Wiki chache baadaye mbio zilinyeshewa kweli, na huku kwetu kukiwa kukavu, hivyo tulizitazama mpaka mwisho. Dereva mmoja aliingiza gari pembeni, akashuka, akavua kofia, akatikisa kichwa. Alisema haoni. Mwalimu Haonga akacheka. "Mwoga huyo. Kazi yake kuendesha, aendeshe."

"Na kama kweli haoni?" Lusekelo akauliza.

"Wenzake wanaona? Hawaoni. Mbona wanakwenda?" Mwalimu alipomaliza kusema ndipo akajua amesema nini na kwa nani, uso ukamshuka. Lakini hakulirudisha neno lake. Lusekelo alitingisha kichwa polepole, akaomba chumvi.

Jumapili ambayo sitaisahau ilikuwa mwishoni mwa baridi, ule wakati ambao Tunduma ni upepo na vumbi tu, mbingu haina hata wingu. Kwenye televisheni nako kulikuwa na jua. Watazamaji walikuwa wamevaa kofia za majani, barabara inang'aa, magari yote yana tairi kipara. Nilikuwa naingia na sinia la ugali. Lusekelo alikuwa kiti cha kwanza, shingo ameinyoosha mbele, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayesema kumepambazuka:

"Leo wana kazi. Maji yote yale."

Nilisimama na sinia mkononi. Mwalimu aliitazama televisheni, akamtazama Simbeye. Nje kuku walikuwa wanaparua vumbi. Nakumbuka jinsi Simbeye alivyoinuka, akaenda kwenye televisheni, akapunguza sauti ya watangazaji mpaka ikabaki ya injini peke yake. Mtangazaji wa Kiingereza asije akalitaja jua. Akarudi, akakaa.

"Ndiyo," akasema. "Imewakuta kubwa."

Mwalimu naye akasema, "Wangebadilisha tairi mapema," na sauti yake ilikuwa inakwaruza. Halafu wote wawili wakanigeukia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, wao walikuwa watu wazima, na mle chumbani tulikuwa na desturi yetu ya kuendesha mbio kwa mdomo. Nikasema walisimamishe bawa la nyuma. Tukaanza. Tulizinyeshea mbio zile zote mpaka mwisho. Tuliwatelezesha watu waliokuwa wakipita kona vizuri tu, tulisifu taa nyekundu ambayo haikuwashwa, Mwalimu alieleza maji yanavyopita chini ya tumbo la gari. Hatujawahi kubishana kwa adabu vile. Ilikuwa heshima, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Hutamwambia mtu mzima mbele ya watu anaokula nao kwamba macho yake yamekwisha. Lusekelo alisikiliza, mkono mmoja mfukoni. Mbio zilipokwisha aliuliza nani kashinda. Simbeye akamtajia. "Kwenye mvua ile?" Lusekelo akasema. "Basi huyo anajua." Akashika ukuta wa bluu kwa kiganja, akaufuata mpaka mlangoni, akatoka. Kesho yake lori lake lilivuka mpaka kwenda Zambia.

Alikwenda na kurudi salama mara kadhaa, na kila aliporudi nilipumua, nikajidanganya. Mvua za kwanza ziliponyesha alikuwa anatoka Tunduma kuelekea Mbeya, asubuhi ya ukungu, nyuma ya lori lenye taa. Baada ya Mlowo lile lori likakata kona kuingia kijijini, akabaki peke yake. Mbele kulikuwa na lori jingine limekufa katikati ya barabara. Dereva wake alikuwa amefanya inavyotakiwa, amekata matawi, ameyapanga kwenye lami kwa umbali mzuri ili wenye magari wayaone wapunguze mwendo. Matawi hayana taa. Lusekelo aliyakanyaga yote. Chini ya lile lori bovu alikuwa amelala fundi, mwenyeji wa Mlowo, ametoka nyumbani kwake asubuhi ile na spana zake. Alikufa palepale.

Mimi na Mwalimu tulikwenda kumzika fundi yule. Sijui tulikwenda kutafuta nini. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, na kwenye ukumbi spana zake zilikuwa zimewekwa juu ya kitambaa, zimefutwa. Mjane alikuwa hana umri mkubwa kunizidi. Alitupokea vizuri, akatupa maji ya kunawa mwenyewe, akauliza, "Ninyi ni wa upande gani?" Nilimtazama Mwalimu nikitumaini angalau leo ataongea. Akasema sisi ni wapita njia, tumesikia. Mjane akatushukuru kwa utu wetu. Chakula kile sikukimeza. Tuliporudi, Mwalimu alilia ndani ya gari la abiria mbele ya watu, na hakukanyaga tena chumbani kwa Simbeye. Lusekelo, aliyeumia kwenye ajali ile, alitoka hospitali akaenda mahakamani, akatoka mahakamani akaenda gerezani, na alipotoka gerezani kulikuwa hakuna alichokiona tena isipokuwa mchana na usiku. Wakamchukua kwao Ileje. Simbeye alishusha dishi kwenye bati. Chumba akakijaza tairi, mimi nikaondoka kutafuta kazi nyingine.

Nimeishi miaka yote hii na maelezo yangu. Nilisema, alikosea, alidhani anaona mvua, nasi tukamsitiri, basi. Nilimlaumu Simbeye kwa kuwa ndiye aliyeanza na ndiye mwenye chumba. Sasa wajukuu zangu wanatazama langalanga kwenye simu, picha haigandi hata mvua inyeshe vipi, na mbio zikikuta mvua kubwa siku hizi zinasimamishwa. Magari yanawekwa pembeni, madereva wanakaa chini ya miavuli, hakuna anayeitwa mwoga. Wajukuu wanalalamika kwamba wanachelewa kulala. Mimi huwa naondoka nikaoshe vyombo.

Pale msibani, watu walipoanza kutawanyika, Simbeye aliniomba nisogeze kiti. Alisema alikuwa anakuja huku Ileje mara kwa mara, analeta unga, anakaa na Lusekelo kibarazani. Sikuwa nalijua hilo, na niliona aibu kidogo kwa lawama zangu.

"Safari moja alinieleza jambo," akasema. "Sijawahi kumwambia mtu. Alisema, 'Simbeye, ile Jumapili mimi sikukosea. Ulipopunguza watangazaji ulibakiza injini, na kabla hujapunguza nilikuwa nimeshazisikia. Kwenye maji mtu anakanyaga kidogo kidogo, anaogopa. Wale walikuwa wanakanyaga mpaka mwisho. Nilijua pakavu. Nilitaka mmoja wenu aseme, Luse, hakuna mvua. Angesema tu, ningempa ufunguo wa lori mezani pale pale. Nilikuwa nao mfukoni, nimeushika.'"

Niliikaza kanga yangu kiunoni. Nilikumbuka zile mbio zote, mzunguko kwa mzunguko, tukiwa na adabu zetu, na mtu yule kiti cha kwanza ameshika ufunguo mfukoni, anasubiri. Nilimkumbuka mjane na maji yake ya kunawa.

"Ulimjibu nini?" nikauliza.

Simbeye alitazama kule kaburini, ambako udongo mbichi ulikuwa unakauka haraka. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Angebaki na nini, Atu, akijua tulimdanganya? Nilimwambia alisikia vibaya. Nilimwambia mvua ilikuwepo."

Nilitaka kumpiga kwa fimbo yake mwenyewe, aliyoiegemeza kitini. "Naye akasema nini?"

"Alisema, 'Haya.' Akaniomba nimshike mkono nimtoe kibarazani, akaote jua."